Mashine Yenye Njaa ya Soko la Ndagala

Toussaint aliiona ile mashine ya kamari nyuma ya duka moja Kavimvira, mtaa wa Uvira, imefunikwa gunia, na moyo wake ukacheka kabla ya mdomo. Mwenyewe, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka aitwaye Ngendakumana, akakubali kumkodishia. Kwetu pesa ni karatasi na mashine haili karatasi, kwa hiyo alimpa pia mfuko wa jetoni, vipande vya chuma vya kuchezea.

"Jumamosi nakuja kuzihesabu. Ikipungua hata moja, pikipiki yako ni yangu."

"Patron, zitapotelea wapi? Zinatoka kwangu, zinaingia tumboni mwa mashine."

Na tumbo lile lilikuwa halitoi: fundi alikwisha kulifundisha uchoyo.

Toussaint akaiweka sokoni, kando ya wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akapanda juu ya kreti ya bia.

"Bamama! Babu ya mashine hii alizaliwa Amerika, na mukono wa chuma, magurudumu matatu na picha ya kengele. Serikali ikasema ni kamari. Wajanja wakaifanya itoe chingamu za limau na machungwa, ndiyo maana munaona matunda haya! Leo mukono umekatwa, iko butoni na taa tu. Hii si kamari, ni historia!"

Shetani naye huanza hivyohivyo, kwa somo.

"Na mutu akiogopa kucheza?" akauliza Félicité, mjane muuza ndagala, huku akifukuza nzi.

"Analeta jetoni, namurudishia pesa yake. Siku yoyote! Mbele ya Mungu!"

Félicité akageukia meza yake. Mbele yake mteja alikuwa akingoja chenji, na noti ndogo, kama kawaida ya Uvira, ama hazipo ama zimechakaa kama kitambaa cha kudekia. Akanunua jetoni kwa noti kubwa, akamkabidhi mteja.

"Shika. Toussaint ameapa."

Kufikia adhuhuri wauza mandazi wanazipokea, wenye pikipiki wanazipokea. Hata kanisani moja ililia ti! ndani ya kapu la sadaka, na mchungaji akasema amina.

Toussaint akaziuza zote. "Muji umeshikwa!" akasema, akanunua viatu vyenye ncha, akawanywesha marafiki hadi pesa ikaisha. Ijumaa akafungua tumbo la mashine. Buibui mmoja akamtazama.

Akakimbilia kwa Félicité, ambaye na wenzake walikuwa wamekwisha kuzikusanya zote kwenye beseni.

"Mama yangu, niuzie jetoni. Nitalipa kesho, bei ileile."

"Bei ya juzi? Weye mutoto wa Kavimvira haujue taux ya kubadilisha pesa inapanda?"

"Lakini niliapa mbele ya Mungu!"

"Uliapa kununua. Sisi hatukuapa kuuza."

Wanawake wakacheka hadi mizani ikatikisika.

"Pesa iko?" akauliza Félicité.

"Haiko, mama."

"Pikipiki iko. Utabeba samaki yetu kutoka ziwani kila asubuhi, mpaka mvua iishe. Jetoni unachukua leo."

Jumamosi Ngendakumana akazihesabu jetoni, zote zipo, akatabasamu.

"Muaminifu kama weye sijaona! Nakuongezea mashine mbili."

Toussaint alikuwa amewasha pikipiki, beseni za ndagala zimefungwa nyuma, maji ya samaki yakichuruzika ndani ya viatu vyenye ncha. Félicité akapanda, akajifunga kitenge vizuri.

"Twende, shoferi. Polepole kwenye mashimo. Hawa ndagala ni wa watu wenye heshima."