Magugu Saba Nukta Nne

Jumatatu, 4 Machi
Nimepata kazi! Ya majaribio, wiki moja tu, lakini kazi. Kuchora ramani ya magugu. Bwana shamba katueleza, mimi na wifi yangu, maana naye kapata: tembea hatua ishirini, rusha fremu ya mbao nyuma ya bega bila kutazama, hesabu magugu yaliyoingia ndani, andika namba kwenye karatasi ya miraba. Songa mbele. Wapaliliaji watapelekwa kule ramani inakosema, kabla magugu hayajamwaga mbegu. Jumamosi atabaki mchoraji mmoja wa msimu mzima.

Lazima niwe mimi. Wapi tena nitaruhusiwa kuja kazini na mtoto mgongoni? Ana miezi kumi. Namwita Mheshimiwa: hatembei, hafanyi kazi, sote tunamtumikia.

Wifi kaja na daftari jipya na kalamu tatu. Kauliza kama nitaweza, na mzigo huo. Nimemwambia mzigo ni damu ya kaka yake, akitaka tupokezane. Kaanza kupanga kalamu zake.

Jumanne, 5 Machi
Hatua ishirini, inama, hesabu, inuka. Mheshimiwa ananing'oa nywele. Mgongo si wangu tena. Saa nne akili ikaja: tumeambiwa turushe bila kutazama, hatukukatazwa kutazama kabla. Nikawa natafuta pasafi kwanza, nageuka, narusha. Sifuri. Sifuri. Sifuri! Saa sita nimemaliza kitalu. Wifi bado kainama kama aliyeangusha sindano.

Bwana shamba kasema shamba safi namna hii hajaliona hata kwenye kalenda. Kisha akatazama alipokuwa amesimama. Magugu mpaka magotini. Nirudie.

Jumatano, 6 Machi
Mheshimiwa anaota jino. Macho yangu yana mchanga. Nimekaa kivulini, nimnyonyeshe kidogo tu, nijaze namba za kubuni. Lakini namba za kichwani hufanana, zitaniumbua. Kwenye mfuko wa nepi nikaiona kadi ya kliniki. Uzito wa Mheshimiwa, mwezi baada ya mwezi! Namba za kweli, kazipima nesi kwa mkono wake. Nimeandika safu nzima. Zilipoisha nikaanza upya. Ramani imependeza mno.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Bwana shamba kauliza magugu saba nukta nne ndiyo mangapi. Nikasema saba, na moja ndiyo kwanza linachipua. Wifi kacheka mpaka kalamu zote tatu zikamdondoka.

Bwana shamba akashuka na kidole: tatu nukta mbili, namba ikapanda, ikapanda, mraba wa nane ikashuka. Akavua miwani. Kwa upole ulioniuma kuliko kofi, kauliza mtoto alikuwa anaharisha? Nikasema homa. Kasema wa kwake alishuka vivyo hivyo, akamkosesha usingizi mwezi mzima.

Kisha akaichana ramani. Kitalu chote upya kesho. Akiona nukta hata moja, nibaki nyumbani nikapime mtoto.

Ijumaa, 8 Machi
Nimetembea kweli. Sina ujanja uliobaki. Nimemtandikia Mheshimiwa kanga karibu na tangi la maji, mpakani mwa kitalu changu na cha wifi, nimrushie jicho kila hatua. Nikainama kuhesabu. Nikainuka. Kanga tupu!

Nikakimbia. Nimemkuta nyuma ya tangi, anacheka, sweta limejaa mbegu za kishona nguo toka shingoni hadi kiunoni. Nimembana kifuani, halafu nimemsomea sheria: mheshimiwa haondoki bila kuaga. Mbegu nusu zikahamia kwangu.

Ndipo nikaangalia tulipo: upande wa wifi. Tangi linavuja, magugu yamestawi kama bustani, mbegu nyeusi ziko tayari kusambaa. Nikarusha fremu. Sitini na moja! Nimehesabu mara mbili. Nikachungulia ramani ya wifi: hapo pana sifuri. Kumbe naye anapenda kivuli!

Jumamosi, 9 Machi
Bwana shamba kaisoma sitini na moja yangu, kaenda nyuma ya tangi mwenyewe. Karudi suruali imegeuka nungunungu. Wapaliliaji wote wakapelekwa huko kwanza. Kazi ni yangu!

Wifi kanipa pongezi kwa ncha za vidole. Kisha kambeba Mheshimiwa njia nzima, akimchomoa mbegu moja moja, akimnong'oneza kwamba kazi kapata yeye, mama yake kasindikiza tu.

Vimebaki vitalu kumi na moja. Nimejifunza, naapa. Kadi ya Mheshimiwa nimeifungia sandukuni, maana bwana shamba kaikariri. Nimemwomba wifi kadi ya kliniki ya mwanawe, nikamwambia nataka kulinganisha meno. Kanipa.

Safari hii naondoa nukta.