Maksai wa Kulia kwa TV ya Fokei

Jumapili, 15 Septemba 2024

Leo baada ya Misa nimekaa sebuleni peke yangu. Mimi, Isidori Ryoba, mtu wa kwanza kuleta televisheni upande huu wa Kiabakari! Viti saba vitupu. Wazee wa rika langu walikuwaga wanakuja kwangu kila Jumapili kuangalia mpira. Leo wote wako kwa Mugeta.

Mugeta! Tulitahiriwa asubuhi moja, kisu kimoja. Yeye alikunja uso. Mimi sikukunja. Mashahidi wapo. Sasa eti amenunua TV bapa, wanaiita fokei, na wenzangu wamehama kama ng'ombe walioona majani.

Nimepita nyuma ya ua wake, najifanya natafuta mbuzi. Goli likaingia. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Nathan, rafiki yangu wa damu. Msaliti! Mugeta akaniona. Akaniita kwa sauti ya kusikika barabarani, rika, ingia uone nyasi za uwanja, huku kwetu jani moja moja linaonekana. Nikamjibu majani ninayo nyumbani. Nilijibu vizuri sana. Lakini njia nzima roho ilikuwa inauma.

TV yangu ni ya kichogo. Imara. Mwizi alishawahi kuiiba, akaishia nayo mlangoni, akaiacha. Lakini kweli siku hizi picha ina ukungu. Wachezaji wote wanafanana na magunia. Itakuwa imezeeka, maskini.

Nimeamua. Nitanunua fokei kubwa kuliko ya Mugeta. Naandika humu kwenye daftari la uzao wa ng'ombe maana mke wangu, Mama Rhobi, halifunguagi.

Jumanne, 17 Septemba

Nimetoka Musoma!

Nimeingia duka moja pale mjini. Ukuta mzima TV. Nikaona asali inamiminwa. Asali, jamani! Nikaona kinyonga, jicho lake moja kubwa kama sahani, linazunguka. Nikaona nzi ametua kwenye ua, nikampiga kwa kofia. Binti wa duka akanishika mkono, akaniambia taratibu, Babu, huyo yuko ndani. Watu wakacheka. Wacheke tu. Wao hawajawahi kuona nzi mzuri namna ile.

Binti akanieleza kwamba fokei ina vidoti milioni nane. Nikamwambia ng'ombe hanunuliwi kwa kuambiwa. Nikaikagua mwenyewe kama mnadani. Nikaigonga mgongoni. Nyembamba mno! Nikamuuliza, isiyo na kichogo hii, akili inaiweka wapi? Akakosa jibu. Huyo alisoma, mimi niliishia darasa la pili, na akakosa jibu.

Nikamwambia nitaleta maksai mmoja, afunge mzigo. Akasema duka halipokei ng'ombe. Musoma hii hii! Mji umeharibika. Lakini ni binti mwenye huruma. Akaninong'oneza kwamba Bunda kuna mfanyabiashara anaitwa Mashimba, yeye anapokea mnyama, anatoa TV. Na namba yake akanipa.

Usingizi leo hautakuja.

Alhamisi, 19 Septemba

Mama Rhobi alikwenda jumuiya. Nikampigia Mashimba. Akaja na kenta yake kabla hawajamaliza rozari.

Nina maksai wawili wa kulima, Dizeli na Trekta. Hakuna jozi kama hii wilaya nzima ya Butiama. Niliwafundisha mwenyewe. Dizeli anavuta kulia, Trekta anavuta kushoto, miaka sita. Ukisema "geuka" wanageuka kabla hujamaliza neno.

Mashimba akawazunguka, akamchagua Dizeli. Anajua mnyama, nampa sifa yake. Akashusha boksi refu, inchi hamsini na tano. Ya Mugeta ni hamsini. Hamsini! Kama kioo cha kunyolea!

Dizeli alipopanda kenta aligeuka akaniangalia. Nikaangalia boksi.

Mama Rhobi akarudi. Hakuona TV. Aliona zizi. Akaniuliza Dizeli yuko wapi. Nikamwambia amekwenda Bunda. Akauliza anarudi lini. Nikamwambia aingie ndani aone kitu. Akaingia, akakitazama, akatoka, akaangalia mawingu upande wa ziwa. Akasema mvua iko karibu, Baba Rhobi, na shamba la mahindi halijaguswa. Sasa plau itavutwa na nani, Trekta na hiyo redio yako kubwa?

Nikamwambia hii si redio. Ina vidoti milioni nane. Akasema basi vidoti hivyo vishike majembe.

Wanawake hawana haraka ya maendeleo.

Ijumaa, 20 Septemba

Fundi Fred amekuja kufunga. Kijana wa Musoma, suruali imebana. Akaipachika ukutani, akachomeka king'amuzi changu cha zamani kwa zile waya tatu, nyekundu, njano na nyeupe. Akawasha.

Magunia! Magunia yaleyale, sasa yamenenepa!

Nikamwambia amefunga vibaya. Akasema hapana, Mzee. TV ni nzima. Ila king'amuzi hiki kinaleta picha ileile ndogo ya zamani, sasa inavutwa kujaza kioo kikubwa, lazima ivimbe. Nikamuuliza asali iko wapi. Kinyonga yuko wapi. Akasema vile vilikuwa kwenye flashi ya dukani, vimetengenezwa kwa ajili ya kuvutia wateja.

Nimevutiwa! Nani anabisha?

Halafu akapima kwa hatua kutoka ukutani mpaka kiti changu. Akasema hata ikija picha ya fokei yenyewe, kwa mtu anayekaa mbali hivi tofauti haionekani sana. Nikasogeza kiti. Nikasogeza tena. Magoti yakagusa ukuta. Hapo nikaona vizuri kabisa, ila ni kipa mmoja tu na nusu ya mwamba.

Fred akaweka maandishi kwenye kioo, makubwa, akaniomba nisome. Nikamwambia mimi si mtu wa shule. Akasema basi nimwambie tu ni mistari mingapi. Nikasema mmoja. Ilikuwa minne, anadai yeye. Akaniambia, Mzee wangu, ungeanza hospitali ukapima macho, hii TV ingefuata baadaye. Nikamfukuza. Macho yangu yaliona simba kutoka kilima cha pili mwaka sabini na nane! Simba, au ndama. Lakini niliona.

Jumapili, 22 Septemba

Leo ndiyo leo! Nilisimama mlangoni mwa kanisa, nikatangaza kwa rika lote, inchi hamsini na tano, njooni. Wakaja wote saba! Nathan akaomba radhi kwa kunikimbia. Nikamsamehe mbele za watu.

Mugeta naye akaja. Hakuweza kukaa kwake na viti vitupu. Akasimama karibu na ukuta, akakunja uso uleule wa siku ya kisu. Furaha niliyopata siwezi kuiandika.

Mpira ukaanza. Baadaye Nathan akaniuliza polepole, mpira wenyewe ni upi. Nikamuuliza kwani kwa Mugeta alikuwa anauona. Akacheka, akasema mimi mpira sijauona mwaka wa tatu huu, namsikiliza mtangazaji. Mwingine akasema hata yeye. Wa tatu akasema alidhani ni yeye peke yake, akawa anaona aibu kusema. Saba wote! Vipofu watupu, wanashangilia kwa masikio!

Nikawauliza, sasa kwa Mugeta mlifuata nini na fokei yake? Wakaangaliana. Nathan akasema, rika, usichukie. Tulifuata chai ya maziwa ya Dorkas. Na viazi vitamu.

Dorkas ni mke wa Mugeta.

Mapumziko yalipofika wakanyanyuka mmoja mmoja, wakafuata viazi. Na Mugeta mbele yao, anacheka! Nikabaki na hamsini na tano zangu. Nikawafuata kuwarudisha. Nikala vinne.

Jumatatu, 23 Septemba

Mvua. Kubwa, ya kulima. Kila mahali watu wanafunga nira. Trekta amesimama zizini upande wa kushoto, upande wa kulia ameuacha wazi. Anasubiri.

Mama Rhobi ameniwekea ugali, ameuweka mbele ya TV, akaondoka. Alichosema kimoja tu, kwamba mbegu zimebaki za msimu huu peke yake, na mvua hii ikipita bila kulima, mwakani tutakula hicho kioo.

Amekwenda kwa Dorkas. Amerudi na habari tamu! Kumbe Mugeta naye aliuza maksai wake mmoja mnadani ndio akapata fokei yake! Na ananichekaga! Maksai wake aliyebaki anaitwa Mkoloni. Wanawake wamekubaliana, Trekta na Mkoloni wafungwe nira moja, walime kwetu kesho, kesho kutwa kwa Mugeta. Nimesema sawa, wazo langu.

Jumanne, 24 Septemba

Nimechoka. Kiuno hakipo.

Tukafunga nira. Trekta akaenda kushoto, kama kawaida yake. Mkoloni naye akaenda kushoto. Tukaangaliana, mimi na Mugeta.

Nikamuuliza maksai aliyemuuza alikuwa anavuta wapi. Akasema kulia. Akaniuliza wangu. Nikamwambia kulia. Mashamba mawili, maksai wawili, wote wa kushoto!

Nikamwambia Mkoloni wake ndiye abadilike, Trekta ana jina kubwa. Akasema Mkoloni hajawahi kutii mtu wa Kiabakari, hataanza leo. Tukamsukuma kulia kwa nguvu. Akapita nyuma ya Trekta akarudi kushoto. Nira ikageuka, wakawa wanatazamana usoni kama wakwe. Mugeta akachapa. Wakaondoka kwa mbio, kila mmoja anamkimbilia mwenzake upande uleule. Tukazunguka! Plau ikanichukua, Mugeta ameshika mkia, tukaingia kwenye migomba, tukatoka, tukazunguka tena.

Tumelima duara moja. Duara safi, kusema kweli.

Wale wazee saba walikuwa wamekaa kwenye ukingo, chai ya Dorkas mkononi, wanashangilia. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba picha haionekani.

Mama Rhobi akaja mpaka kwenye duara. Akasema maneno machache. Kesho kutwa TV inarudi Bunda, Dizeli anarudi nyumbani. Nimpeleke Mashimba kioo chake, nisiongeze neno. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ikatetemeka mwishoni. Miaka arobaini na moja sijawahi kuisikia hivyo. Nikamwambia nitamleta Dizeli. Nikaapa kwa kipaimara changu.

Alhamisi, 26 Septemba

Nimekodi kenta alfajiri. Nimepakia TV. Nimempakia na Trekta pia, maana Dizeli hajazoea kusafiri peke yake, akimwona mwenzake atatulia. Haya ni mambo ya ufugaji, Mama Rhobi hayajui.

Kumbe Mashimba alikuwa analia! Ananiambia yule maksai wako hafai, Mzee, anakula tu, nikimfunga na wangu wanavuta kulia wote wawili. Mchukue leo leo, niachie TV yangu. Hakutaka kitu juu.

Hapo nikajua nimemshika. Mtu akilia, bei iko chini.

Halafu wale wanyama wakaonana. Dizeli akalia, Trekta akaitikia. Wakasimama wenyewe, mmoja kulia, mmoja kushoto, bila nira! Hata mimi chozi lilinitoka. Mashimba akatazama jozi ile, akanitazama, akaniingiza stoo.

Inchi sabini na tano.

Nikamwambia mimi nimeapa, nimekuja kumchukua Dizeli. Akasema ni sawa, Mzee, lakini tatizo lako ulilonieleza ni nini? Wazee hawaoni. Sasa asiyeona kidogo anahitaji nini? Kikubwa! Fred fundi hakulifikiria hilo. Mugeta hawezi kulifikiria. Sabini na tano! Hamsini na tano imerudi, maksai wawili wamebaki kwake, kubwa imepanda kenta. Nimemshinda Mashimba, hakuamini macho yake, alinishika mkono mara mbili. Amesema kwa jozi kama hii ataanza kulima leo leo.

Kiapo kilikuwa Dizeli na Trekta wawe pamoja. Wako pamoja.

Jumamosi, 28 Septemba

Mlango ulikuwa mdogo, tumeng'oa fremu ya dirisha. Picha ya magunia sasa ni kubwa, kila gunia kama mtu mzima! Nathan amekuja, amesema mtangazaji anasikika vizuri kuliko mwanzo.

Mama Rhobi hakupiga kelele. Alipoona kenta haina ng'ombe alikaa chini kwenye jiwe la kuanikia, akafunga kanga kiunoni, akachukua jembe la mkono. Leo ni siku ya tatu. Anaanzia pale duara lilipoishia. Dorkas anamsaidia, na Mugeta pia, sijui anatafuta nini.

Mimi nami sikukaa bure. Nimeigeuza TV, nimeielekeza dirishani, iangalie shamba, nimefungulia sauti mpaka mwisho, ili Mama Rhobi naye alime huku anafaidi. Nimemwita mara tatu.

Hajageuka. Nimepima kwa hatua, kutoka dirishani mpaka alipo ni hatua themanini.

Ndiyo maana. Kwa umbali ule sabini na tano ni ndogo.