Pelagia Anamsubiri Nani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mpango tayari! Pelagia, fundi cherehani wa Kiriba, hukaa mstari wa mbele kwenye darasa langu la Kiingereza la watu wazima, hapa Mukendo. Miezi mitatu nampenda, sijasema. Mwanaume wa miaka arobaini na moja, aibu gani hii! Kesho tunasoma “wait for”. Mfano wangu ubaoni: “Pelagia is waiting for Jilala.” Jilala ni mimi. Darasa zima litarudia mara kumi kwamba ananisubiri. Bandu bandu humaliza gogo.

Jumanne, 4 Machi
Walirudia vizuri mno. Pelagia akainama, akatabasamu. Moyo wangu jamani! Ila nilisahau sheria yangu mwenyewe: tukimaliza kurudia, kila mwanafunzi anabadilisha jina moja. Machibya, mkulima wa pamba wa Bunda, hajafungua mdomo tangu Desemba. Leo kanyoosha mkono. Akasema Pelagia anamsubiri Machibya, Kiingereza safi, bila kosa hata moja! Darasa likapiga makofi. Na mimi nikapiga. Ningefanyaje?

Jumatano, 5 Machi
Dawa yake nimeipata. Nimemwagiza aandike barua ya sentensi kumi za “wait for”, aisome Ijumaa mbele ya wote. Ataumbuka.

Alhamisi, 6 Machi
Kaja nyumbani na barua, ananiomba kwa adabu zote nimsahihishie. Makosa kumi na saba! Nilipania kuyaacha. Nikashindwa. Mimi nikiona kosa huwa silalagi. Nikasahihisha yote, na sentensi ya mwisho nikaipamba kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Machibya kamsomea Pelagia barua, Pelagia kalia machozi. Kaomba ile ya mwisho irudiwe, kwamba atamsubiri mvua inyeshe isinyeshe. Yangu hiyo! Yangu!

Jumapili, 16 Machi
Wazee wa Machibya wamepeleka posa Kiriba, imekubaliwa. Nilialikwa, nikakaa na wageni wa heshima. Samaki wangu, sato mzima, sikummaliza. Inauma, sitajidanganya.

Lakini kosa nimeligundua: kitenzi! Kusubiri ni kwa wavivu. Kesho tunaingia “look for”, kutafuta. Sabina muuza dagaa amejiandikisha juzi, na ubaoni nimeshaandika kwamba anamtafuta Jilala. Majina yatabadilishwa kama kawaida, bila mazoezi lugha haikai. Ataanza Elias wa bodaboda. Mpole yule, hana neno na mtu.