Uso wa Jabali

Jumatatu, 3 Machi 2025. Mbita.

Wamemvua Jabali ushujaa. Mchana kweupe, ukumbini mwa kanisa, mbele ya chai yangu!

Niandike kwa utaratibu, maana hasira inatetemesha kalamu. Mswada wa filamu ni wangu. Wazo ni langu. Jabali, mvuvi shupavu anayeokoa boti nzima ya wanawake wauza omena, dagaa wetu wa ziwani, wakati dhoruba imechacha kati ya Takawiri na Mbita, ni wangu kabisa. Wateja wote ninaowanyoa wanajua Jabali ni nani hasa. Nimewahadithia mara nyingi, nikiwa nimeshika wembe, kwa hiyo hakuna aliyewahi kubisha.

Halafu kikaundwa kikundi. Roselyn wa Homa Bay ndiye mwongozaji, miwani yake hukaa kichwani, sijawahi kuiona machoni. Mellen, mwalimu wa Kiswahili kutoka Ntimaru, ndiye mhariri. Bravin ana kamera na laptop, na anakula kuliko sisi wote. Tunasoma onyesho moja kwa sauti, tunajadili, kisha tunapiga kura kwa kuinua mikono. Demokrasia. Tangu tuanze nimeshindwa watatu kwa mmoja.

Leo Mellen ameuliza kwa nini wanawake wangu wanaitwa Mwanamke wa Kwanza, Mwanamke wa Pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa boti. Nikamjibu kwamba dhoruba haina muda wa watu kutambulishana. Bravin akauliza kwa nini Jabali anavua shati kila onyesho, hata lile la kanisani. Nikasema ni ishara. Ishara ya nini? Msanii halazimiki kujibu kila kitu.

Roselyn akapendekeza wanawake wajiokoe wenyewe. Mikono mitatu juu.

Sikubali! Filamu itaonyeshwa kwanza hapa hapa Mbita kabla ya kupelekwa kwenye tamasha Migori. Nimeshawaalika watu waje kumwona Jabali. Jabali akianguka, mimi nitaweka wapi uso wangu? Nani ataketi tena kwenye kiti changu bila kucheka?

Jumanne, 4 Machi.

Nimepata dawa yao. Nimependekeza kikundi kiwe na mshauri wa mila, mtu mzima anayelijua ziwa, na neno lake likitoka lisipingwe na kura yoyote. Nikaongea juu ya heshima. Nikataja wazee wetu. Mellen alikuwa karibu kutokwa na machozi.

Mikono minne juu! Mara yangu ya kwanza kushinda. Nilimwona Roselyn akitabasamu, nikadhani ni njaa.

Wasichojua ni kwamba mshauri tayari ninaye: Baba Mdogo Gordon. Hupenda chai, hupenda kusikilizwa, na kwa vyote viwili atasema lolote nitakalomwambia. Jioni nimemfundisha. Atasema tangu enzi za babu zetu boti haijawahi kuokolewa na mwanamke. Ameyarudia vizuri, ingawa mara mbili alisema baiskeli badala ya boti.

Alhamisi, 6 Machi.

Baba Mdogo ameniangusha.

Alianza vyema. Akakohoa, akasimamisha fimbo, akataja enzi za babu. Kisha Mellen, kwa ile sauti yake ya darasani, akamuuliza kama ameshawahi kukumbwa na dhoruba ziwani. Baba Mdogo akajibu kwa fahari kwamba yeye maji huyaogopa tangu utotoni, hajawahi kuingia kupita magoti, na hata samaki anapendelea wa kukaangwa mbali na ufuo. Akaomba sukari zaidi.

Roselyn akamshukuru, akasema afadhali tumwite mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wauza omena kule Takawiri. Nikaona nisionekane mbishi. Nikainua mkono wa kwanza kabisa, hata jina sikusubiri. Wakashangaa jinsi nilivyo mtu wa ushirikiano.

Jina nimelisikia nikiwa tayari nimeushusha mkono. Ni Min Lynnet, yaani mama yake Lynnet.

Lynnet ni mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi.

Nieleze, ili siku shajara hii ikiwekwa kwenye maktaba ya taifa wasomaji wa mbali wasipotee. Kwetu mama mkwe huitwa maro. Maro na mkwewe hawashikani mikono. Hawaketi karibu, hawali pamoja. Kumbishia maro mbele za watu ni jambo ambalo wajukuu wako watachekwa kwalo shuleni. Na mimi, Cephas, kwa mkono wangu mwenyewe, nimemchagua maro awe mtu asiyeweza kupingwa.

Alifika saa ya chai. Ukumbi una mlango mmoja, naye alikuwa ndani yake. Nikatoka kupitia dirishani. Bravin anadai nilipiga kelele. Ni uongo, ni dirisha lililolia.

Siku nzima nimeketi nje chini ya dirisha, kwenye tofali, nikishiriki kazi ya sanaa kwa kutumia masikio. Nikiwa na hoja namnong'onezea Bravin, naye anaipeleka ndani ikiwa imepungua nguvu. Nilisema, "Jabali ndiye moyo wa hadithi." Ikafika ndani kwamba Cephas anauliza kuhusu chakula. Chakula kikaja kupitia dirishani. Samaki mbuta, mkia wake. Mkia mtupu!

Mellen alichungulia akasema hata kwao Ntimaru mkwe anaheshimiwa sana, lakini hajawahi kuona anayelishwa dirishani kama paka. Nikamwambia arudi kwenye vitenzi vyake.

Na kuna jambo jingine. Siku ya dhoruba ile, ile ya kweli iliyotupata miaka iliyopita, maro alikuwa ndani ya boti. Mimi pia. Hatujawahi kulizungumzia. Tungelizungumziaje, na hata salamu tunapeana kwa mbali? Huenda wapo waliodhani kwamba boti ilipopinduka nilikuwa nimeukumbatia mtungi wa plastiki. Nilikuwa naulinda. Na kama kuna mkono ulionishika ukosi wa shati ukanivuta hadi ufuoni, mimi sikuona ni wa nani. Nilitazama upande mwingine kwa heshima.

Jumapili, 9 Machi.

Nimemwomba Lynnet aongee na mama yake. Nimemweleza kwamba heshima ya nyumba iko hatarini, kwamba neno moja tu la mama litamrudisha Jabali majini na shati likiwa limevuliwa. Lynnet alicheka mpaka ugali ukaungua. Nilipomuuliza kinachomchekesha, akasema si kitu, akafuta machozi, akaanza upya.

Baadaye akaniuliza kwa upole kama sioni kwamba mama yake amenyamaza miaka yote hii. Nikamwambia kunyamaza ni tabia nzuri, aendelee hivyo hivyo, ila aseme Jabali ndiye aliyeokoa. Akaenda kulala.

Wanawake hawaelewi maigizo.

Jumanne, 11 Machi.

Kesho ni kusoma kwa mwisho. Mswada ukipita, hauguswi tena.

Nimemnyoa Bravin bure, na ndevu nikamchonga kama mgombea ubunge. Kwa malipo ameahidi kulirudisha onyesho langu la zamani kwenye laptop, lile la dhoruba, na hotuba ya Jabali ikiwa nzima. Maro atalisikia likisomwa kwa sauti nzuri. Atavutiwa. Ni nani anaweza kusikia hotuba ile asivutiwe? Nimelia nikiiandika. Nimelia tena nikiinakili.

Jumatano, 12 Machi.

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi. Si woga. Ni baridi.

Mvua ilianza mapema. Mimi niko kwenye tofali langu chini ya dirisha, gunia kichwani. Ndani wakalifikia onyesho la dhoruba. Bravin akasoma alivyoahidi, kwa sauti ya redio: "Shikeni mkono wangu, enyi wanyonge wa ziwa! Jabali hazami, ni ziwa linalozama mbele ya Jabali!"

Kimya. Nikajua wameguswa.

Mellen akauliza onyesho hilo limetoka wapi, mbona lilifutwa. Roselyn akasema kwa kuwa limeshasomwa, basi mshauri aamue. Akamgeukia maro, akamuuliza moja kwa moja: siku ile ya dhoruba, kulikuwa na mwanamume aliyewaokoa?

Matone ya paa yalikuwa yananipiga shingoni, sikuyajali.

Maro aliuliza kama mwandishi bado yuko nje. Wakamwambia yuko. Akauliza kama ananyeshewa. Wakamwambia, sana.

"Mwambieni asogee chini ya paa," akasema. "Atalowa tena."

Mellen akauliza, tena? Nilisikia kiti cha maro kikilia, akajiweka sawa. Kisha akaongea polepole, kama mtu anayemfungia mtoto vifungo vya shati.

"Aliyeokoa alikuwa mwanamke. Andikeni hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Lakini yule mwanamume aliyekuwa majini, mumwonyeshe mgongo tu. Uso wake msiuonyeshe. Ana watoto."

Hakuna aliyeinua mkono. Neno lake halipingwi. Sheria niliitunga mimi.

Niandike ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilitaka kuinuka, nisimame mbali mlangoni, nimwambie asante, hata bila kumtazama. Nilikuwa nimeshainuka.

Ndipo nikafikiria zaidi. Mwanamume asiye na uso! Kwenye filamu yangu mwenyewe! Watu nimewaalika waje waone nini, kisogo?

Nikaketi tena.

Jumamosi, 22 Machi.

Tumepiga picha za dhoruba. Siku kubwa!

Mwokoaji ni Valentine, mwigizaji kutoka Migori, mwenye mikono ya mtu aliyezoea kupakia magunia. Mwanamume wa majini alikuwa awe Levis, fundi wa boti. Asubuhi Levis ameyaangalia mawimbi, akasema ana mafua. Nikajitolea. Roselyn alinitazama kwa muda mrefu. Akanikumbusha: mgongo kwenye kamera, kichwa chini, kimya.

Nikakubali kila kitu. Moyoni nilikuwa na mpango. Valentine akinishika tu, nageuka, uso mzima kwenye kamera, macho makali, nasema: "Jabali hazami!" Watalazimika kuiacha. Kamera haisahau.

Mpango umefanyika karibu wote. Valentine alinishika ukosi. Niligeuka. Uso ulikuwa mzima. Kwenye sentensi wimbi liliniingia mdomoni baada ya "Ja". Kilichofuata, Bravin ananiambia, ni mimi kuukumbatia mtungi wa manjano kwa mikono na miguu na kumwita mama yangu, marehemu, mara kadhaa.

Jioni Roselyn alinionyesha picha hizo kwenye laptop, tukiwa wawili tu. Miwani, kwa mara ya kwanza, ilikuwa machoni. Akasema ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kukipa kikundi, lakini zipo pia picha za mgongo, zinatosha kabisa. Akasema maro aliomba hivyo kwa sababu. Akaniuliza kama ninataka uso uondolewe. Akarudia swali. Bravin aliporudi na mandazi, akaniuliza mara ya tatu mbele yake.

Nikawatazama. Niliona kijicho kitupu. Watu hawawezi kuvumilia sura ya mwenzao ikijaa skrini.

Nikasema uso ubaki.

Jumapili, 6 Aprili.

Filamu imeonyeshwa. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakaketi dirishani, dirisha langu. Wateja wangu wote walikuwepo. Baba Mdogo Gordon alikuja na kikombe chake mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma kabisa, maro mbele kabisa na wanawake wa Takawiri, kama inavyofaa.

Majina ya waandishi yametangulia. Bravin, Cephas, Mellen, Roselyn, kwa alfabeti. Kwa hiyo Bravin, mwandishi wa nini? Nitalifuatilia.

Dhoruba ikaja. Nikakaza tai. Uso wangu ukatokea, mkubwa kuliko mlango, mdomo wazi, mashavu kwenye mtungi. Halafu mtu mmoja, nadhani ni Levis na mafua yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Si huyu ni Cephas? Kumbe ndiye aliyeokolewa."

Nilidhani paa litang'oka. Walicheka hadi benchi moja likaanguka. Mteja wangu wa Jumamosi zote, yule ninayemhadithia kila wiki, alikuwa amelala sakafuni akipiga chini kwa kiganja.

Wanawake wa Takawiri hawakucheka. Hata mmoja. Waliinamisha vichwa kana kwamba tuko kwenye maombi. Maro alijifunika uso kwa leso, akainuka, akatoka kabla taa hazijawashwa. Alipita karibu na benchi langu. Nilitazama upande mwingine kwa heshima. Yeye pia.

Lynnet amerudi sasa hivi kutoka kumsindikiza mama yake botini. Amesema nina salamu. Nikamwambia azitoe.

"Mama amesema pole, baba watoto. Amesema yeye alijaribu."

Sijaelewa alijaribu nini. Lynnet naye hakufafanua, ameketi mlangoni amenipa mgongo, na mabega yake yanatikisika, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine.

Sokoni wameanza kuniita Mtungi. Waite! Jina la mtu mashuhuri ni lazima lifupishwe. Hakuna anayemzungumzia Valentine. Hakuna anayezungumzia mgongo wa mtu yeyote. Wote wanazungumzia uso, na uso ni wangu.

Kesho nakutana na kikundi. Nimeshaandika maonyesho ya kwanza ya sehemu ya pili. Dhoruba ni ileile, ila safari hii Jabali anamwokoa mama mkwe. Nitapendekeza pia mshauri mpya wa mila, neno lake lisipingwe. Baba Mdogo Gordon amekubali, nimemfundisha tofauti ya boti na baiskeli.

Na uso utaonekana tangu mwanzo.