Foleni ya Mwalimu Maftah

Jumatatu, 8 Novemba 1976

Habari njema! Mwalimu mkuu, Mzee Nashon, ametutangazia leo asubuhi. Jumamosi ni Siku ya Tuzo. Watoto waliofanya vizuri watapewa vyeti. Mwalimu aliyeutumikia mtaa kuliko wenzake atapewa kikombe na gunia la sukari. Gunia zima! Limetolewa na kambi ya jeshi, na Afande Meja atakuja mwenyewe kulikabidhi.

Nilikaa chini.

Asiyejua mambo yangu atauliza, sukari tu? Ndiyo, sukari tu. Nimemposa Kulthum tangu Mfungo Sita. Mama yake ni Bi Maimunah, ambaye babu yake alifika hapa Kampala na msafara kutoka pwani, na yeye mpaka leo hajalisamehe bara. Neno lake ni moja: bila sukari ya halua na ya chai ya wageni, hakuna ndoa. Anasema hata matangani watu hunywa chai tamu. Madukani sukari imekuwa hadithi. Ya magendo inataka mshahara wangu pamoja na wa marehemu baba.

Mzee Nashon amesema mtaa wenyewe ndio utaamua. Kila mwalimu alete mashahidi aliowatumikia. Mwenye mashahidi wengi ndiye mshindi.

Mshindani wangu ni Mwalimu Rosalba Aloyo wa darasa la tano, binti wa sajenti wa polisi. Tangu Machi anasafisha chemchemi ya Kawempe na wanafunzi wake. Tangu Machi! Wakati huo hata tuzo haikuwepo. Mtu wa ajabu kabisa.

Mashahidi wangu mimi: hakuna. Nitaanza kuutumikia mtaa kesho.

Jumanne, 9 Novemba

Nimeutumikia. Asubuhi nilimwona ajuza na mtungi wa maji kichwani. Nikauchukua nimbebee. Akapiga ukelele wa mwizi. Mtaa mzima ukatoka! Mashahidi tele, ila wa upande mwingine.

Alasiri nilikwenda Kawempe nikaonekane kidogo pale kwenye chemchemi. Nilivaa suti. Aloyo alikuwa ndani ya matope mpaka magotini, na watoto wake wanaimba. Akaniuliza, “Mwalimu, unakuja kuchimba ao unakuja kupiga picha?” Nikamwambia nimekuja kukagua. Nikakagua mpaka nikateleza. Maji yake ni safi, hilo nakiri. Nimeyanywa mengi.

Suti iko kambani. Haitakuwa suti tena.

Alhamisi, 11 Novemba

Leo ilikuwa zamu ya mazoezi. Niliwapanga watoto wangu wa darasa la sita kando ya ua wa shule, wajifunze kupokea vyeti: mikono miwili, goti kidogo, asante Afande. Mbele kabisa Opoka, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu wilaya nzima. Nimemfundisha mimi. Kwa kweli alijifundisha mwenyewe, lakini chaki ilikuwa yangu.

Nikageuka. Nyuma ya mtoto wa mwisho amesimama mama mwenye kikapu. Nyuma yake fundi baiskeli. Nyuma yake askari magereza na watu wengine wanakuja mbio. Nikamwuliza mama anangoja nini. Akasema hajui, lakini layini ndefu namna hii haiwezi kuwa ya bure.

Nisimcheke. Siku hizi Kampala mtu husimama kwanza akauliza baadaye. Mimi mwenyewe majuzi pale Lubaga nilipanga foleni asubuhi nzima, nikafika mbele nikajikuta namuaga marehemu nisiyemjua. Nikatoa rambirambi.

Niliwatawanya kwa shida. Nikarudi darasani. Ndipo akili ikanijia!

Ijumaa, 12 Novemba

Mpango umekamilika. Mashahidi sitawaita. Watajileta.

Baada ya swala nilipita kwa Bi Maimunah nikamwambia aanze kutafuta hiliki. Akauliza sukari iko wapi. Nikamwambia kesho. Akasema mkono mtupu haulambwi. Kulthum akacheka nyuma ya pazia. Nampenda sana binti huyu. Nimeliandika, basi.

Jumamosi, 13 Novemba

Siku gani hii! Niandike kwa utaratibu.

Jua linachomoza, nimeshawapanga watoto wangu kutoka langoni. Mpaka tunapiga kengele, foleni imeshuka mlima na kupita maduka. Baadaye sikuona tena mwisho wake. Mashahidi wa Aloyo walikuwa wazee wachache wa Kawempe, wamekuja na madumu ya maji ya chemchemi kuwanywesha watoto. Niliwahurumia.

Kisha magari yakafika. Afande Meja akashuka na askari wake. Akaitazama foleni, kichwa kikafuata mpaka chini ya mlima. Akauliza, “Nani naita hii watu yote?”

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Nyakati zetu hizi, umati bila kibali si jambo la kucheka. Wapo waliochukuliwa kwa umati mdogo kuliko huu, na viatu vyao bado viko mlangoni. Afande alikuwa anamtazama Mzee Nashon. Mzee akawa mweupe kama chaki. Midomo ilikwenda, sauti haikutoka. Naye hakuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu. Niliogopa mpaka masikio yakalia.

Nikasikia mdomo wangu unasema: hawa ni wazazi, Afande. Wamekuja kuwapongeza watoto na walimu.

Afande akauliza, “Yote hii wazazi?” Nikasema yote. Akamwendea aliyesimama nyuma ya watoto, kikongwe asiye na jino, akamwuliza mtoto wake yuko darasa gani. Kikongwe akamtazama Afande, akalitazama gunia, akasema la kwanza.

Halafu Afande akacheka mpaka mkanda ukalia. Askari wakacheka. Na sisi tukacheka, sana, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sherehe ikaanza. Opoka alipokea cheti kwa mikono miwili, goti kidogo, na foleni nzima ikashangilia! Mamia ya watu wasiomjua walipiga makofi kwa sababu wameona mbele kuna kitu kinatolewa. Mama yake akapiga vigelegele akalia. Mimi pia machozi yalinitoka. Sitasema ni vumbi. Nilifurahi.

Mashahidi wakatazamwa kwa macho, hapakuwa na haja ya kuhesabu. Nikatajwa mimi! Aloyo alinipa mkono. Nikapewa kikombe, ambacho kilibaki stoo tangu shule ilipokuwa ya Wahindi, na kimechorwa Badminton, Wanawake, 1961. Mzee Nashon alininong'oneza niyaelekeze maandishi tumboni. Kisha gunia likatuliwa miguuni pangu. Nililigusa. Sukari ya kweli, unaisikia inavyosogea ndani. Nikaiona halua. Nikamwona Kulthum na hina mikononi.

Afande akasema wazazi wanaopenda shule hivi hawawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Akanipiga bega. “Mwalimu, wewe mtu ya watu. Gawa!”

Nikasema Afande, pengine siku nyingine. Akasema sasa. Nikauliza nigawe kwa kipimo gani. Akakitazama kikombe changu.

Nimegawa. Kwa mikono yangu, kwa kikombe cha badminton cha wanawake. Mama mwenye kikapu alipata. Fundi baiskeli alipata. Yule ajuza wa mtungi alipata, akaniombea dua. Katikati ya foleni, nani? Bi Maimunah! Alijiunga kule chini bila kujua ni ya nini. Alinitazama, akalitazama gunia, akakinga pembe ya kanga. Kulthum alipita mara tatu: na mtandio wa buluu, na mtandio mweupe, na mara ya tatu amejifunika buibui mpaka machoni. Niliijua mikono.

Aloyo alichukua kikombe chake cha sukari akawapa wazee wake. Akaniambia lile wazo la layini ni zuri sana, na aliyasema hayo bila kejeli.

Gunia liliisha kabla ya foleni. Waliobaki wamenilaani kwa lugha nne.

Jumapili, 14 Novemba

Bi Maimunah ametuma neno. Mwanaume anayegawa gunia zima kwa wapita njia atamlaza binti yake njaa. Nilikwenda kueleza kwamba sikugawa kwa ukarimu. Akasema basi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ndoa inangoja sukari, na mimi ningoje nje.

Dirishani Kulthum alinionyesha mkebe. Vile vikombe vitatu. Akasema huo ndio mwanzo wa halua, iliyobaki ni juu yangu. Nilirudi nyumbani napiga mluzi.

Jioni alikuja Mzee Nashon. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda zake. Sijui alitaka nini. Labda alikuja kuulizia sukari akaona haya.

Jumamosi, 20 Novemba

Asubuhi, njia ya Kawempe, foleni! Nikajiunga upesi. Wa mbele yangu hajui ni ya nini. Walio nyuma wakaniuliza, nikawaambia sukari. Si vizuri kuwakatisha watu tamaa.

Nikafika mbele. Mwalimu Aloyo! Pembeni yake rundo la majembe na sepetu. Leo ni siku ya bulungi bwansi, kazi ya mtaa, wanazibua mtaro. Aliwapanga darasa la tano barabarani, watu wakajipanga wenyewe. Alinikaribisha kwa furaha, akanipa sepetu. Nimechimba mpaka adhuhuri pamoja na wale niliowaambia sukari. Walikuwa na maneno mengi. Mtaro umezibuka, maji yanakwenda, watu wakaimba.

Lakini ule ni ujuzi wangu! Mwanamke yule ameuiba mchana kweupe. Jumatatu nitamshtaki kwa Mzee Nashon.

Haya nayaandika Lubaga, nimesimama. Wakati narudi nimekuta foleni, na aliye mbele yangu ameniruhusu niegemeze daftari mgongoni pake. Hajui ni ya nini. Lakini ni fupi na inakwenda haraka, na wote wamevaa vizuri. Mara hii bahati yangu imefika, Kulthum! Wanaotoka kule mbele wanafuta macho. Lazima ni kwa furaha.