Ugomvi Uliomalizika Bila Ruhusa

"Daktari, siku watu wote wakipatana, wewe utafanya kazi gani?"

Kadzo, jirani yake wa Bondeni, ndiye aliyemwuliza hivyo, huku akichambua mbaazi kizingitini. Daktari Ronald Kyalo, msomi wa elimu ya jamii na bingwa wa kusuluhisha migogoro, alicheka. Alikuwa na shahada tatu, na hakuna hata moja iliyotaja hatari hiyo.

Tena ofisi yake ya usuluhishi ilikuwa imetangaza rasmi: ugomvi wa Ruweida na Nyevu, majirani wa mtaa huohuo, wa maji ya kufulia yaliyomwagwa kichochoroni, umeteuliwa kuwa Mgogoro wa Mfano. Alhamisi Mkurugenzi angekuja kuuona ukisuluhishwa, kisha Daktari apandishwe cheo.

Lakini Mola ana mipango yake. Jumanne Daktari akawakuta wagomvi wake baraza moja, wanamenya vitunguu.

"Nini hii?"

"Tumepatana, mwanangu," alisema Ruweida. "Nilimpelekea sahani ya mahamri, naye akairudisha na viazi vya karai. Sahani hairudi tupu."

"Mmepatana nje ya utaratibu! Awamu ya kusikilizana hamjaipitia!"

"Basi tupatane tena?"

"Kwanza mgombane tena. Mpaka Alhamisi, ni marufuku sahani kuvuka kichochoro."

Nyevu akashika kiuno. "Nimtukane vipi mtu, na mahamri yake yangali tumboni?"

"Jitahidi, mama. Ofisi inakutegemea."

Alhamisi Mkurugenzi, Bi Caroline, akaletwa, akakalishwa kiti cha kukodi. "Wagomvi wako wapi?"

"Sisi wawili hatuna neno," Ruweida alijibu. "Ila mtaa mzima una ugomvi na huyu, aliyetukataza sahani."

Bi Caroline alifurahi mno. Mgogoro halisi, tena mbichi! "Daktari, hama hapo. Mgomvi hajisuluhishi."

Wakamvua viatu, wakamkalisha mkekani, upande wa wagomvi, peke yake. Ruweida akaja na sahani, kawa juu, akaifunua mbele yake. Mahamri yalikuwa yanatoa moshi.

"Kula, baba, yaishe."

Daktari akapima kitaalamu. Akila, mgogoro umekwisha bila awamu hata moja, na cheo kimekwenda nao. Akikataa, basi msuluhishi amekataa suluhu mbele ya Mkurugenzi wake.

"Bismillahi, Daktari," alihimiza Nyevu. "Au mpaka upewe barua?"

Kichochoro kizima kikamtazama mkono. Bi Caroline peke yake ndiye aliyekuwa akitazama mahamri.

Daktari akainuka, akatia miguu viatuni bila kufunga kamba, akatoka, mahamri akayaacha vilevile sahanini.