Pingamizi Dhidi ya Siku ya Mzee Wilondja na Matofaa Yake

Macquarie Fields,
6 Februari 2022

Ndugu Mhariri Oloo,

Salamu kwanza, maana ugomvi usio na salamu ni wa watoto. Sisi hapa tu wazima, mvua inatunyeshea, barakoa tumezianika ndani.

Nimesoma tangazo lenu la ukurasa wa kwanza kwamba Jumamosi ya tarehe 26 mwezi huu, katika ukumbi wa kanisa kule Campbelltown, jumuiya itafanya Siku ya Mzee Wilondja. Mmeandika kwamba kwa miaka kumi na miwili mzee huyo amepanda mtofaa mmoja kwenye ua wa kila familia ya wakimbizi iliyofika upande wetu huu wa Sydney, bila kuombwa wala kulipwa. Kwamba mitofaa hiyo sasa imepita sitini. Na kwamba mtamvika shada na kumkabidhi beleshi lililopakwa rangi ya dhahabu. Mmemwita shujaa. Mmetuomba sisi wasomaji tuandike yanayomhusu.

Basi nami naandika. Sikusoma sana. Darasa la tano liliniishia kambini Kigoma, na yaliyobaki nilijisomea kwenye magazeti ya kufungia sukari, ambayo mara nyingi yalichanwa kabla habari haijaisha, ndiyo maana nimezoea kuzimalizia mwenyewe. Naomba siku hiyo ifutwe. Sababu zangu nimezipa namba ili kamati isije ikasema haikuziona.

1. Mzee Wilondja huingia kwa watu kabla ya wenyewe. Sijui nani humpa habari. Nadhani ni kina mama wa kwaya, ambao hujua nani anakuja kabla uwanja wa ndege haujajua. Sisi tulifika mwaka 2016, siku mbili angani, watoto wamevimba miguu. Dereva akatufungulia nyumba, akatuachia funguo, tukapita hadi uani, tukamkuta mzee wa buti za mpira anamwagilia fimbo. Mume wangu Déo, yaani Baba Vanessa, alijua huyo ndiye mwenye nyumba. Akavua kofia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamrudishia funguo ili azitoe mwenyewe kwa heshima zote. Mzee akazipokea! Akakaa nazo muda wa kutosha kutuuliza tumetoka wapi, tuna watoto wangapi na ukoo wetu ni upi. Ndipo akazirudisha, akasema nyumba ni ya serikali, lakini hii fimbo ni yenu. Tangu siku ile mume wangu hapigi msumari ukutani kabla ya kumpigia mzee simu.

2. Mti wenyewe ulitufia. Juni ya kwanza majani yaligeuka manjano, yakadondoka yote. Ndugu Mhariri, wewe umekulia kwenye ziwa lako na mimi kwenye langu, na unajua kwamba kwetu mti wa matunda ukivua majani yote umebakiza kazi moja tu, kuni. Nikaufunga blanketi. Nikaumwagilia maji ya uvuguvugu. Ndugu Moïse wa kikundi cha maombi alikuja akauwekea mikono, akakiri kwamba hajawahi kuombea mti lakini imani ni ileile. Wiki ya tatu tukakata tamaa. Nikampigia mzee kwa maneno yale ya msiba, kwamba akae kwanza, kuna habari. Akaja amejaa huzuni, kofia mkononi, akatuacha tueleze yote tangu jani la kwanza. Halafu akakwaruza gome kwa ukucha, chini yake kukawa kijani. Akasema Juni ya huku ni baridi, mti umelala tu, na nyinyi mnaupigia kelele.

Baadaye nikagundua kwamba kila familia hulia kilio hichohicho Juni yake ya kwanza, naye anajua, na hasemi mapema. Murhula wa Campbelltown hakupiga simu. Aling'oa wake akachomea mahindi. Mzee alimpelekea mwingine Jumapili ileile, hakumgombeza hata neno, akaomba na hindi. Mtu asiyegombeza anakunyima nafasi ya kujitetea.

3. Alitutia aibu wakati wa kufungiwa ndani kwa ajili ya korona. Mnaikumbuka baridi ya mwaka jana: mwisho kilomita tano, saa moja ya kunyoosha miguu, helikopta ya polisi juu ya mapaa yetu, huku wenzetu wa ufukweni wakiogelea. Majira hayo ndiyo ya kupogoa mitofaa, na mzee anakaa kilomita kumi kutoka kwangu. Mtu mwingine angesema mwaka huu basi. Yeye akaanza kupogoa kwa simu ya video. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, nyumba ishirini na zaidi, kila mtu uani kwake na blanketi begani, simu ameiegemeza kwenye ndoo au ameshikiwa na mtoto. Mimi nilishika mkasi wa vitambaa, jirani yangu Kasoki mkasi wa kukatia kuku. Na mzee anaamuru: si hapo, mama, hilo ni jicho, utaupofusha, wewe Déo, weka chini hilo panga. Helikopta ilisimama juu yetu dakika nzima. Sijui waliandika nini kwenye ripoti yao.

Lililoniumiza zaidi ni la binti yangu. Vanessa ana miaka kumi na mitatu, na tangu aanze shule hapa nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, nami nilishakubali yaishe. Kwa Jumamosi tano yeye ndiye aliyeshika simu, akimsikiliza mzee. Jumamosi ya sita akaninyang'anya mkasi. "Mama, wewe unakata ovyo! Sogea nikuonyeshe." Kwa Kiswahili, tena mbele ya nyumba ishirini. Naomba kamati inieleze ni shujaa gani huyo anayemfundisha mtoto lugha ya kumkaripia mama yake.

4. Ameleta matabaka. Jirani wa uzio wa pili, dada Jacky, ni nesi, Mkenya, alikuja kama mwanafunzi kwa tiketi ya kujinunulia. Mzee huwapandia waliofika mikono mitupu. Sasa Jacky ana nyumba yake na magari mawili, na kila Januari anasimama kwenye uzio akiyatazama matofaa yetu kama mtoto wa kambo. Mwaka juzi aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna fomu ya kujaza.

5. Hili la mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningemsamehe.

Mdogo wangu Fébronie alibaki kambini tulipoondoka. Mwaka 2020 viza yake ikatoka, ndege ikawa ya Alhamisi, tarehe 26 Machi. Mzee Wilondja hakungoja. Tarehe 14 alikuja na mtofaa kwenye kopo, akaupanda kando ya kamba ya nguo, akaniambia huu wa Fébronie, na tunda lake la kwanza ataonja mwenyewe, asitangulie mtu. Hiyo ndiyo sheria yake na sote huifuata. Tarehe 20 mipaka ikafungwa. Mti umefika, mtu hajafika.

Ndugu Mhariri, wengi wetu hapa tuna mtu ambaye tumezoea kwamba hayupo. Mimi pia ningezoea, ningeachwa tu. Lakini nitazoeaje, ikiwa kila nikianika shuka naukuta pale umesimama, umeongezeka kiganja? Na Fébronie mwenyewe, mwaka wa kwanza alikuwa akiniuliza habari za viza. Sasa haulizi tena. Akipiga simu anasema, dada, mti wangu haujambo? Nami inanibidi nitoke nje nikautazame kwanza, hata kukiwa na mvua, kwa kuwa huyo siwezi kumdanganya.

Mwaka huu umezaa. Nimeufunika kwa chandarua tulichokuja nacho kutoka kambini, maana kasuku weupe wa huku hawajui kwamba tunda lina mwenyewe. Yakiiva naye hajaja yataoza, na atakayeinama kuyaokota ni mimi. Nilimwambia mzee hivyo Krismasi. Akanijibu kwamba yeye ni mpandaji, hawezi kuileta ndege ya abiria. Sawa. Kama hawezi kuileta ndege, kwa nini anapanda?

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Siku ya Mzee Wilondja ifutwe. Mzee aje aung'oe mti wa Fébronie kwa mkono wake, kwa sababu mimi nimetoka na jembe mara mbili na mara zote mbili nimerudi nimepalilia. Na jumuiya ipitishe kanuni kwamba mtu afike kwanza, ndipo mti ufuate.

Nisalimie mama watoto, Zilpah, na kwaya nzima, na kamati yote pamoja na waliojitolea kufuma shada. Mzee Wilondja usimpelekee salamu zangu. Jumatano anakula kwangu, nitamsalimia mwenyewe.

Ni mimi mlalamikaji wenu, nisiye na kinyongo ila nina hoja,

Anésie, Mama Vanessa

N.B. Leo Jumatatu, saa moja asubuhi. Bahasha nilikwisha kuifunga, nimeichana. Fébronie amepiga simu. Wamepewa ndege ya tarehe 3 Machi. Nasema wamepewa kwa sababu wako wawili: ana binti, Ornella, wa miezi kumi na minne, aliyezaliwa kambini wakati tunasubiri. Karatasi za mtoto ndizo zilizokuwa zimekwama, na hapo juu sikumtaja kwa kuwa niliogopa kumtaja.

Naomba Siku ya Mzee isogezwe hadi Jumamosi ya tarehe 12 Machi, nami niwekwe wa kwanza kwenye orodha ya wasemaji. Dakika tano hazitanitosha.

Mzee nimeshampigia. Nikamwambia Ornella hana mti. Akasema basi tungoje Julai, miti ikilala. Nimemkatalia katakata: alete wa kwenye kopo, na aulete kabla ya tarehe 3, kwani mtoto hawezi kufika mahali ambapo hakuna kinachomngoja. Naishia hapa. Baba Vanessa ameshaanza kuchimba shimo, na kwa jinsi anavyochimba, nisipotoka sasa hivi atafukua bomba la maji la serikali.